Usipigwe chenga na winga wa dukani: Siri ya TV ya kuangalia mpira

NI Jumamosi ya dabi ya Kariakoo. Saa saba mchana shabiki anashuka kwenye bajaji na boksi refu. Limeandikwa 4K kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Kibubu kimevunjwa, mama watoto ameahidiwa kuwa hata tamthilia zitaonekana vizuri, majirani wameshaitwa, soda ziko kwenye ndoo ya barafu.

Saa kumi na moja jioni filimbi inapulizwa na aibu inaanza. Mpira ukipigwa unaacha mkia kama kimondo. Namba za migongoni hazisomeki. Jezi za kijani zimemezwa na nyasi, na winga akikimbia pembeni kivulini anapotea kabisa. Kufika dakika ya 20 majirani wawili wameshaaga, wanakwenda kwa jamaa wa nyumba ya tatu mwenye inchi 32 ya miaka minne iliyopita. Huko picha imetulia, unaona hadi kamba za viatu.

Kisa hiki hakina jina la mtu kwa sababu ni cha wengi. Kila msimu mkubwa ukikaribia hali ni ileile, iwe dabi, Kombe la Dunia au AFCON ya 2027 ambayo Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa kuandaa kwa pamoja. Watu wanatoa hela ndefu, wanabeba boksi, kisha wanarudi dukani kugombana. Mara nyingi TV yenyewe haina kosa lolote. Mnunuzi alinunua namba iliyoandikwa kwenye boksi, picha hakununua.

MPIRA ULIOBADILISHWA KWA AJILI YA TV

Soka na TV ni marafiki wa siku nyingi. Kombe la Dunia lilionyeshwa kwenye TV kwa mara ya kwanza mwaka 1954 kule Uswisi. Mwaka 1970 kule Mexico lilirushwa kwa rangi, lakini mamilioni ya watu duniani bado walikuwa na TV za picha nyeusi na nyeupe. Adidas wakaleta mpira wenye vipande vyeupe na vyeusi ili uonekane vizuri kwenye TV hizo. Ukaitwa Telstar, jina linalotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya nyota wa televisheni.

Zanzibar ilikuwa na TV ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 kupata vituo vyake vya kwanza. Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia, na ving'amuzi vikawa lazima. Zile chenga nyeupe za kuzungusha antena juu ya bati zikaisha, lakini chenga nyingine zikahamia kwenye boksi.

NAMBA ZILE MAANA YAKE NINI?

Kioo cha TV kimejaa vinukta vidogo vinavyowaka, vinavyoitwa pikseli. Vikiwa vingi, picha ina nafasi ya kuwa na vitu vidogo zaidi ndani yake.

Picha ya kawaida, ile ya SD, ina vinukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo. HD ya mwanzo ina 1,280 kwa 720. Full HD ina 1,920 kwa 1,080, jumla vinukta kama milioni 2. Ile 4K ina 3,840 kwa 2,160, jumla zaidi ya milioni 8, yaani mara nne ya Full HD. Halafu kuna 8K yenye vinukta zaidi ya milioni 33.

Namba hizo tupeleke uwanjani. Tuseme kamera kuu inaonyesha upana wa mita 50 za uwanja. Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Kwenye SD, nukta moja inabeba karibu sentimita 7 za uwanja, hivyo mpira mzima unachorwa kwa vinukta vitatu tu kwa upana. Kwenye Full HD, nukta moja ni sentimita 2.6, na mpira unapata vinukta vinane. Kwenye 4K, mpira unapata kama 17.

Ndiyo maana ugomvi wa ofsaidi hauishi. Anayeangalia picha ya SD anabishana kuhusu kidole cha mguu wakati nukta moja ya TV yake ni kubwa kuliko kidole chenyewe. Mwenzake mwenye picha safi anaona kitu kingine. Wote wanaapa, na wote wanasema kweli kwa macho yao.

Juni 27, 2010 kule Bloemfontein, Frank Lampard wa England alipiga shuti dhidi ya Ujerumani, mpira ukagonga mwamba na kudondoka ndani ya mstari. Mwamuzi hakutoa bao, lakini watu waliokuwa kwenye makochi yao waliona kupitia marudio. England ikalala 4-1. Kombe la Dunia lililofuata, mwaka 2014, likaja na teknolojia ya mstari wa goli, na 2018 ikaja VAR. Picha safi ya TV inaweza kumuumbua mwamuzi.

MSOSI MBOVU HAUPONI KWA SAHANI NZURI

Hapa ndipo wengi wanapigwa. TV ni sahani tu. Chakula kinatoka kwenye king'amuzi, kwenye antena au kwenye intaneti. Kama kinachokuja ni SD, TV ya 4K haiwezi kuzua vinukta ambavyo kamera haikuvituma. Itachukua nukta moja na kuitandaza juu ya nukta 20, kisha itajaribu kulainisha kingo kwa kubahatisha. TV ikiwa kubwa, ubovu nao unakua. Ndiyo siri ya yule jamaa wa inchi 32. Picha ileile ya SD kwenye kioo kidogo inajificha, kwenye inchi 55 inavuliwa nguo.

Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi mechi zote 64 zilitengenezwa kwa 4K. Lakini kutengenezwa na kufika sebuleni kwako ni mambo mawili tofauti. Chaneli nyingi za mpira zinazofika kwenye ving'amuzi huku kwetu, zile zilizoandikwa HD, zinakuja kwa mistari 1,080 au pungufu. Nyingine bado ni SD. Kabla ya kwenda dukani, kaa chini uulize: mechi ninazoangalia kila wiki zinarushwa kwa kiwango gani kwenye kifurushi ninacholipia?

Kosa la pili ni la bei rahisi kuliko yote, na ndilo linaloua picha nyingi mitaani: waya. Zile nyaya tatu za AV, nyekundu, nyeupe na ya njano, ni za zamani. Nyekundu na nyeupe zinabeba sauti. Ya njano peke yake ndiyo inabeba picha, na haiwezi kupitisha HD hata kidogo. Mtu ana king'amuzi cha HD, ana TV ya 4K, halafu ameviunganisha kwa AV. Ni sawa na kumsajili mshambuliaji wa mabilioni kisha ukamchezesha kipa. Chomeka waya wa HDMI. Waya wenyewe si ghali, na tofauti utaiona kabla hujakaa.

Baada ya hapo ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi. Kuna sehemu ya ukubwa wa picha inayotoka. Ving'amuzi vingine vinaweza kuwa vimeachwa kwenye 576. Weka 1080. Wapo watu wameishi miaka mitatu na HD iliyolala ndani ya king'amuzi bila kuamshwa.

Na picha ikikatika vipande vipande vya mraba mvua inaponyesha, usiilaumu TV. Hiyo ni dishi au antena kukosa nguvu ya mawimbi. Mwite fundi wa dishi aje airekebishe kabla ya kufikiria kubadilisha kioo.

PIMA KOCHI LAKO KWANZA

Jicho la mtu nalo lina mwisho wake. Ukisogea mbali, vinukta viwili vinaungana na kuonekana kimoja. Kwa jicho zima la kawaida, Full HD inafika mwisho wa faida yake ukikaa umbali wa mara tatu ya kimo cha kioo. Ukikaa mbali zaidi ya hapo, 4K na Full HD zinakuwa mapacha.

Inchi zinazotajwa dukani ni za mshazari, kona hadi kona. TV ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40 hivi. Kwa hiyo mtu anayekaa zaidi ya mita 1.3 kutoka kwenye inchi 32 hatapata faida ya 4K. Akikaa zaidi ya mita 2, hata HD ndogo ya 720 na Full HD hatazitofautisha. Kwa inchi 43, mpaka wa 4K ni kama mita 1.7. Kwa inchi 55 ni mita 2.2. Kwa inchi 65 ni mita 2.6.

Chukua chumba cha kawaida cha kupanga, kitanda upande huu, TV upande ule, mita 2.5 katikati. Hapo inchi 43 ya Full HD nzuri inatosha kabisa. Atakayekuuzia inchi 43 ya 4K kwa bei ya juu kwa hoja ya vinukta tu amekupiga chenga ya mwili. Ila ukifika inchi 50 kwenda juu, TV nyingi mpya zinatengenezwa kwa 4K, hivyo huna haja ya kukwepa. Chukua, ila usilipe ziada kwa sababu ya neno hilo pekee.

Na 8K? NHK ya Japani ilianzisha chaneli ya 8K Desemba 2018. Shabiki wa Buguruni au Kisumu anayetegemea king'amuzi cha kawaida hana mechi ya 8K ya kuangalia. Hela hiyo inunulie jezi za watoto, na chenji itabaki.

SPIDI NDIYO MPIRA WENYEWE

Tamthilia inaweza kuvumilia TV yoyote, mpira haukubali. Shuti la kilomita 100 kwa saa linakwenda karibu mita 28 kwa sekunde. Matangazo ya mpira huku kwetu hubeba mwendo kwa mara 50 kwa sekunde. Maana yake, kati ya picha moja na inayofuata mpira umeshasogea zaidi ya nusu mita. Kama vinukta vya kioo ni vizito kubadilika, mpira wa sasa unachorwa juu ya kivuli cha mpira uliopita. Huo ndio mkia.

Dukani utasikia neno Hz. TV ya 60Hz inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na kwa matangazo ya sasa inatosha. Ile ya 120Hz inasaidia mwendo kuwa laini zaidi, hasa kwenye vioo vikubwa. Chenga iko kwenye namba za ajabu, 200, 400 hadi 800, zikiwa na maneno kama "motion" mbele yake. Hizo nyingi ni hesabu za matangazo ya biashara, si Hz halisi za kioo. Uliza hivi: kioo chenyewe ni Hz ngapi? Winga akianza kuzunguka, jibu umeshapata.

TV za kisasa pia zina kitu cha kulainisha mwendo. TV inabuni picha za katikati ambazo kamera haikupiga. Ikizidi, mpira unatokwa na ukungu pembeni, na wakati mwingine unapotea kabisa ukipita mbele ya mashabiki jukwaani. Ingia kwenye mipangilio, punguza au zima, kisha linganisha.

LED, QLED, OLED: MAJINA YANAFANANA, KAZI TOFAUTI

TV nyingi zinazoitwa LED ni vioo vya LCD vyenye taa za LED nyuma au pembeni. Taa inawaka, kioo kinaizuia au kuiruhusu ipite. Tatizo ni kwamba kioo hakizibi mwanga wote, hivyo weusi wake unakuwa kama kijivu. QLED ni familia hiyohiyo, ila imewekewa tabaka la chembe ndogo sana zinazofanya rangi ziive na ung'avu upande. OLED ni ukoo mwingine. Kila nukta inawaka na kuzima yenyewe, weusi ni weusi kweli, na vinukta vinabadilika haraka mno, hivyo mkia unakaribia kuisha. Bei yake ndiyo inauma. Halafu ikiachiwa picha isiyosogea kwa muda mrefu sana, kwa mfano nembo ya chaneli kwenye kona kila siku mwaka mzima, inaweza kubaki na alama.

Hii inahusu nini mpira? Fikiria mechi ya jioni pale kwa Mkapa. Paa la jukwaa linamwaga kivuli, nusu ya uwanja jua kali, nusu giza. TV dhaifu inachagua moja, ama upande wa jua unakuwa mweupe pee au upande wa kivuli unakuwa shimo. TV yenye utofauti mzuri wa mwanga na giza inaonyesha pande zote mbili. Kazi kama hiyo, pamoja na ya kuitenga jezi ya kijani na nyasi, haifanywi na wingi wa vinukta. Inafanywa na ubora wa rangi na mwanga. Ndiyo maana Full HD yenye kioo kizuri inaweza kuiaibisha 4K ya bei chee.

Tena kuna suala la pembeni. Vioo vingine vya LCD ukivitazama ukiwa upande, rangi zinapauka. Kwa anayeangalia peke yake si neno. Kwa familia iliyojaa mpaka mlangoni, hilo ni jambo la kwanza.

WENYE VIBANDA UMIZA NAO WASIKIE

Mwenye kibanda anauza picha, hivyo TV ndiyo mtaji. Watu 40 kwenye mabenchi, wa mwisho yuko mita 6 kutoka kwenye kioo. Kwa umbali huo, kwenye inchi 55, jicho la kawaida halioni tofauti ya SD na HD, sembuse 4K. Anachohitaji mtu wa benchi la nyuma ni kioo kikubwa zaidi, kiinuliwe juu ya vichwa, na anachohitaji mtu wa pembeni ni kioo kisichopauka. TV mbili za wastani, moja mbele na moja katikati, zinaweza kuleta wateja kuliko moja ya bei mbaya.

Kwa wanaotumia intaneti, hesabu bando. Full HD inakula kama megabiti 5 kwa sekunde, yaani zaidi ya GB 4 kwa mechi ya saa mbili pamoja na mapumziko. Kwa 4K ya megabiti 15, mechi moja inakaribia GB 14. Bando likikata dakika ya 88 timu ikiwa inasaka bao, wateja watadai hela yao.

UKIFIKA DUKANI CHEZA HIVI

Kwanza, usiangalie video ya duka. Ile ya maua, samaki na majengo ya usiku imetengenezwa ili kila TV ionekane malaika, na inakwenda taratibu. Beba flashi yako yenye kipande cha mechi. Angalia mpira mrefu ukipigwa angani, angalia namba za migongoni kamera ikikimbia.

Pili, soma maneno madogo. Boksi likisema inapokea 1080p, haina maana kioo kina 1,080. Kuna TV za inchi 32 zinazopokea Full HD kisha zinaipunguza kwenye kioo cha 1,366 kwa 768. Tafuta mstari unaotaja vinukta vya kioo chenyewe. Usipouona kwenye boksi, andika namba ya modeli kwenye simu na uitafute kwenye tovuti ya kampuni. Dakika mbili tu.

Tatu, sogea kulia, sogea kushoto, chuchumaa, simama. Kama rangi zinabadilika, kumbuka watoto watakaokaa kwenye mkeka.

Nne, omba rimoti. Duka huweka picha kwenye mng'ao wa juu kabisa ili ivutie chini ya taa kali. Rudisha kwenye hali ya kawaida ndipo uhukumu. Ukifika nyumbani hakikisha pia picha haijavutwa. Wachezaji wakionekana wanene wote, au ubao wa matokeo umekatwa kona, tatizo liko kwenye upana wa picha.

Tano, hesabu matundu ya HDMI, yawe mawili au zaidi. Angalia wati nyuma ya TV kama unatumia sola. Dai risiti na waranti yenye muhuri. Usisahau kifaa cha kuilinda na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, maana kioo kikiungua, gharama yake inaweza kukaribia bei ya TV mpya.

DAKIKA ZA NYONGEZA

Yule shabiki wa Jumamosi mambo yake bado hayajaharibika. Boksi alilobeba linaweza kuwa na TV nzuri tu. Wakati wa mapumziko atoe zile nyaya tatu za rangi, achomeke HDMI, aingie kwenye mipangilio ya king'amuzi aweke 1080, apunguze ule ulainishaji wa mwendo, arudishe rangi kwenye hali ya kawaida. Kazi ya dakika 15, muda uleule wa mapumziko.

Kipindi cha pili kikianza, jezi ya kijani itajitenga na nyasi na nyekundu itakuwa nyekundu. Majirani wakisikia shangwe watarudi wenyewe, wakiulizia zile soda za kwenye ndoo ya barafu. Timu yake ikifungwa, hilo sasa halina uhusiano na TV.